Siku Saba Bila Dada

Kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari nilikaa nyumbani na watoto wangu watatu, peke yangu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Mkubwa ana miaka sita, wa pili ana minne, na kitindamimba ana miezi kumi na minne. Chuo kilikuwa kimefungwa. Mke wangu ni muuguzi, na wodi haifungwi kwa sababu ya sikukuu. Alipangiwa zamu kwa siku sita kati ya hizo saba, na ile ya saba, kwa haki kabisa, alilala. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa amepanda basi Mbezi tarehe 22 kwenda kwao Singida, kwa likizo ya wiki tatu.

Msomaji ataniuliza: je, hilo nalo ni jambo la kuandikwa mahali hapa, ambapo tumezoea kujadili katiba, bajeti na chaguzi? Nilijiuliza hivyo hivyo. Kuna wanawake watakaosoma aya hizi na kucheka, kwa kuwa kila ninalolisimulia wao hulifanya kila siku bila kuliandikia makala. Wacheke, wana haki. Hata hivyo nimeona niandike, kwa sababu katika siku saba hizo nilijifunza juu ya uchumi wa nchi yetu jambo ambalo miaka yangu yote ya kusoma na kufundisha ilikuwa imenipitisha kando yake.

Niseme kwanza kwamba nilikuwa na mpango. Mezani palikuwa na vitabu vya majibu 183 vya jaribio la kwanza la muhula, na kompyuta ilikuwa na makala niliyoahidi kuikabidhi kabla ya mwaka kwisha, makala yenye kichwa kirefu kuhusu wajibu wa dola katika ustawi wa wananchi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mdogo hulala saa mbili mchana, wakubwa wana vitu vipya vya kuchezea, jioni watatazama katuni. Saa nne za kazi kwa siku hazikosekani. Jua la Boksing Dei lilipozama nilikuwa nimesahihisha vitabu vinne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa na uji.

Mdogo aliamka saa kumi na moja na nusu. Mama yake alimnyonyesha, akavaa sare, akaondoka. Kufikia saa moja nilikuwa nimebadilisha nepi mbili, nimepika uji ukashika chini, nimepika mwingine, na nimeamua kesi mbili za umiliki wa gari la polisi la betri, zawadi kutoka kwa mjomba wao ambaye hana mtoto. Gari hilo lina king'ora. Saa mbili nililitoa betri. Mkubwa alipouliza kama gari limekufa nilijibu kwamba ndiyo, limekufa. Saa nne maji yakakatika, ndoo zikiwa tupu, kwa sababu sikujua kwamba kila usiku kuna mtu anayezijaza. Wa pili akamwagia mdogo soda iliyobaki jana. Nikamwogesha mdogo kwa maji ya kunywa. Nilipogeuka kuchukua taulo, mdogo alikuwa amefika kwenye sufuria la masizi.

Pilau la Krismasi lilitubeba hadi mchana wa tarehe 27. Baada ya hapo ikabidi nipike, na katikati ya maharage gesi ikaisha.

Sitaendelea kuorodhesha. Wenye watoto wanajua, na wasio nao hawataamini. Ila yako mambo mawili ninayotaka kukaa nayo kidogo. La kwanza ni kwamba kazi hii haiachi alama. Sahani iliyooshwa saa tatu ilikuwa chafu saa nne. Sakafu iliyopigwa deki ilikanyagwa kabla haijakauka. Nikiandika makala, inachapishwa na jina langu linakaa juu yake. Miaka kumi baadaye huitaja katika maombi ya kupandishwa cheo. Hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa sakafu. Kazi ya nyumbani huonekana siku ile tu isipofanywa, na siku hiyo huitwa uzembe.

La pili ni kwamba kilichonichosha zaidi ni kichwa, wala si mikono. Wa pili hali maharage yasiyomenywa ganda. Mdogo akilala baada ya saa tisa alasiri, hatalala usiku. Mkubwa akikaa kimya zaidi ya dakika kumi, kuna jambo. Ufunguo wa geti hukaa juu ya friji, wala si kwenye ndoano ya funguo, kwa sababu mdogo amekwisha kujua ndoano. Haya yote ni maarifa, tena ni maarifa ya nyumba yangu mwenyewe, na mimi sikuwa nayo. Alikuwa nayo msichana wa darasa la saba aliyekuwa Singida wakati huo akila sikukuu na mama yake.

Kuna neno moja nililisikia sana wiki hiyo, nalo ni pole. Jirani alipochungulia juu ya ukuta na kuniona nikianika nepi aliniambia, "Pole, mwalimu. Mama kasafiri?" Muuza duka la kona, akinikatia sabuni, akaniambia pole. Mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga: "Baba, nasikia umeachiwa watoto. Pole sana, mwanangu." Wenzangu wa idarani wakanitumia pole katika kundi letu la simu, baadhi wakiambatanisha picha za kucheka. Nilipewa pole kama mtu aliyefiwa. Usiku wa tarehe 28 nilimuuliza mke wangu ni mara ngapi, katika miaka sita ya kulea, amewahi kupewa pole kwa sababu tu yuko nyumbani na watoto wake. Alikuwa anavua viatu. Akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama kuna chakula.

Kesho yake, tarehe 29, saa saba mchana, mdogo akapata joto. Simu ya mke wangu ilikuwa kwenye kabati la wodi, kama kanuni zinavyotaka. Niliwapakia wote watatu kwenye bajaji tukaenda zahanati ya jirani. Muuguzi wa mapokezi akaniuliza maswali ambayo nadhani huuliza kila siku. Mtoto ana kilo ngapi? Kadi ya kliniki iko wapi? Chanjo ya mwisho alipata lini? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Amekunywa nini tangu asubuhi? Niliweza kujibu swali la mwisho peke yake. Nina shahada tatu, na sikujua uzito wa mwanangu.

Nikapiga simu Singida. Dada alipokea upesi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mdogo ana joto, tupo zahanati. Wanauliza kadi."

"Iko kwenye mkoba wa bluu nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, pamoja na kipimajoto. Uzito wa mwezi uliopita ni kilo tisa na pointi nne. Waambie wasimpe ile dawa ya maji ya rangi ya waridi, aliitapika yote mwezi wa kumi. Na baba, mtazame ufizi wa chini, upande wa kulia. Nilipoondoka ulikuwa umeanza kuvimba."

Muuguzi alikuwa akisikia kila neno, maana nilikuwa nimefungua spika ya simu ili nipate mkono wa kumshika wa pili. Akaandika kilo tisa na pointi nne. Kisha akauliza, "Huyo ndiye mama yake?"

Nikasema hapana, mama yake yuko kazini.

"Ni nani basi?"

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ilikuwa meno na mafua, na kufikia usiku joto lilikuwa limeshuka. Lakini swali la yule muuguzi nilirudi nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Ni nani basi? Kiswahili chetu cha mjini kina majina mengi ya mtu huyu. Ni hausigeli, ni msichana wa kazi, ni binti wa nyumbani, ni yaya. Vijana humwita beki tatu, na wanapocheka hawafikirii kwamba beki ni yule anayebaki nyuma ili wengine wapande kufunga mabao. Sisi tunaojiona wastaarabu humwita dada. Ni jina zuri, na watoto wanalitamka kwa mapenzi ya kweli. Lakini nimeanza kulitilia shaka, kwa namna sisi watu wazima tunavyolitumia. Akiomba siku ya mapumziko, yeye ni ndugu, na ndugu hawahesabiani siku. Wageni wakija na meza ikiandaliwa, yeye ni mfanyakazi, na sahani yake iko jikoni.

Sheria haina utata huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua kuwa mfanyakazi kama mimi. Saa za kazi za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kila wiki ana haki ya saa 24 mfululizo za kupumzika. Kila mwaka ana haki ya likizo ya siku 28 yenye malipo. Masharti ya kazi yake yanapaswa kuandikwa, na asipoyaelewa maandishi, mwajiri anapaswa kuhakikisha ameelezwa kwa namna anayoielewa. Vifungu hivi navijua, vingine nimevifundisha.

Sasa nitoe hesabu yangu hadharani, kwa sababu sioni jinsi ninavyoweza kuzungumzia za wengine kabla ya hapo. Dada amekuwa kwetu miaka mitatu kamili na miezi miwili. Miaka mitatu ni siku 84 za likizo. Kabla ya Desemba hii alikuwa amekwenda kwao mara moja, kumzika babu yake, siku tano pamoja na safari, na tulimlipia nauli tukajiona wema. Siku 84 ndizo hizo hizo ambazo sheria humpa mama aliyejifungua mtoto mmoja. Mke wangu alizipata zake zote alipojifungua kitindamimba, na ilikuwa sawa kabisa azipate. Ukiziondoa zile tano na hizi 21 za sasa, dada anatudai siku 58. Jumapili yake ya mapumziko huanza baada ya kuosha vyombo vya mchana. Mkataba wa maandishi hatuna. Mtu akiniuliza darasani jina la uhusiano wa kazi wenye sifa hizo, ninalo, na nimekuwa nikilitumia kwa wakoloni na wawekezaji.

Na mshahara? Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilitaja shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha hadi 60,000. Sisi tunalipa 120,000, na nimewahi kujisifu kwa hilo mbele ya watu. Nimewahi pia kupokea, kwa kukaa siku moja katika warsha kuhusu ukombozi wa mwanamke, posho iliyozidi mshahara huo wa mwezi mzima. Chakula cha mchana kilikuwa juu ya waandaaji.

Wanafunzi wangu wa uchumi wa siasa wanakumbuka mfano wa Arthur Pigou, mwanauchumi wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1920: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linapungua. Kazi ni ile ile, nyumba ni ile ile, wanaokula ni wale wale; kilichobadilika ni kwamba sasa halipwi, kwa hiyo haandikwi. Huwa tunaucheka mfano huu, kisha tunaendelea na mada. Mwaka 1988 Marilyn Waring, aliyekuwa mbunge wa New Zealand, alichapisha kitabu kizima kuhusu upofu huo wa takwimu za kitaifa, akionyesha kwamba kisichohesabiwa hakipangiwi fedha. Mtumishi wa umma anayeandaa bajeti anajua hilo kuliko mimi: jambo lisilo na fungu katika bajeti halipo.

Iceland walilijua kwa njia nyingine. Tarehe 24 Oktoba 1975, siku ya Ijumaa, takriban wanawake tisa katika kila kumi wa nchi ile waliacha kazi kwa siku moja, ya ofisini na ya nyumbani. Shule za chekechea zilifungwa. Wanaume wakaenda kazini na watoto wao, wakiwa wamewabebea peremende na penseli za rangi. Soseji, chakula chepesi kuliko vyote kwa baba asiyejua kupika, zikaadimika madukani. Miaka mitano baadaye nchi hiyo ilimchagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais. Sisemi kwamba soseji zilileta rais. Nasema kwamba kwa siku moja nchi nzima iliona sakafu.

Kwetu mgomo wa namna hiyo hutokea kila Desemba, kimyakimya, bila tamko wala bango, mabasi yanapojaa kwenda mikoani. Ofisi nyingi hazishtuki kwa kuwa nazo zimefungwa au zinakwenda nusu mwendo. Wanaoshtuka ni wauguzi, askari, wahudumu wa hoteli, wenye maduka, yaani wale ambao kazi yao haina Krismasi. Nao husuluhisha kwa kumwita binamu kutoka kijijini, kumfungia mtoto kwa jirani, au kumwachia mtoto wa miaka kumi awalee wadogo zake. Januari kila mmoja hurudi kazini na siri yake.

Nafahamu majibu yatakayokuja. La kwanza litasema kwamba malezi kwetu ni ya ukoo, kwamba kulifanya jambo hili kuwa la mikataba na Hazina ni kuiga Wazungu. Nimelifikiria kwa makini, kwa sababu nimelelewa na ukoo. Lakini ukoo ulikuwa na mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya shangazi aliyeachishwa shule darasa la nne, na ya bibi ambaye hakuwahi kupumzika hadi alipokufa. Kaka yangu na mimi tulisoma. Wala ukoo haujaondoka, bado unalipa. Huko Singida kuna bibi anayelea mjukuu ili binti yake aje Dar es Salaam kulea watoto wangu, ili mke wangu auguze wagonjwa na mimi niandike kuhusu wajibu wa dola. Katika mnyororo huo wanaolipwa na Hazina ni wawili wa mwisho tu.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa watumishi wenzangu wa ngazi za chini. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama, mhudumu wa afya wa kata: mshahara wake ukishakatwa mkopo, kodi ya nyumba na nauli, ampe msaidizi wa nyumbani nini? Akifuata sheria yote kwa ukamilifu hatabaki na mshahara. Nakubali. Sina haki ya kumnyooshea kidole mtu huyo, na ndiyo maana nasema jambo hili halimalizwi na wema wa mwajiri mmoja mmoja. Tumelifanya kuwa suala la tabia, eti fulani anamtesa msichana wake na fulani anamlea kama mwanawe, wakati ni suala la mahali ambapo nchi imeamua kuficha gharama. Gharama ya kumwezesha mtumishi wa umma kufika kazini saa moja na nusu ikiwa ana mtoto wa mwaka mmoja ni kubwa, na kwa sasa anayeilipa ni msichana wa miaka ishirini kwa usingizi wake.

Serikali haijakaa kimya kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na kuweka utaratibu wa kuviandikisha. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Nimeisoma, na yaliyomo ni mema. Lakini nimeingia katika majengo mengi ya serikali, mapya na ya zamani, nimeona maegesho ya magari, kumbi za mikutano, migahawa, hata vyumba vya mazoezi. Chumba cha mtoto wa mtumishi sijakiona. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Akanyonyeshe wapi, na mtoto akiwa Chanika na ofisi ikiwa Posta?

Na baba je? Sheria yetu inampa siku zisizopungua tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, walimpa wiki mbili. Siku tatu zinatosha kupeleka supu hospitali, kupokea hongera na kuandikisha jina. Hazitoshi kujua uzito wa mtoto. Sitaki kujificha nyuma ya sheria. Hakuna kifungu kilichonizuia kuifungua ile kadi ya bluu katika miezi kumi na minne. Lakini sheria humwambia baba mapema sana, katika wiki ile ya kwanza, kwamba yeye ni mgeni wa heshima, nasi wengi wetu hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa wanaharakati nina swali moja, tena la kindugu. Wafanyakazi wa nyumbani wana chama, CHODAWU, kinachowaunganisha na wale wa mahotelini na hifadhini. Ni wangapi kati yetu, tunaobeba mabango ya Mei Mosi, tumewahi kumwambia dada wa nyumbani kwetu kwamba chama hicho kipo? Mimi sijawahi. Mei Mosi yeye hubaki na watoto ili sisi twende uwanjani.

Tarehe 2 Januari mke wangu alipata mapumziko, nami nikampigia tena dada simu kumpa habari za mdogo. Tulipomaliza hayo nikamuuliza habari za mwanawe. Nilijua ana mtoto, lakini sikuwahi kuuliza ni wa umri gani. Ana miaka sita. Ni sawa na mkubwa wetu. Wote wawili wanaanza darasa la kwanza Januari hii. Dada ndiye aliyemfundisha mkubwa wetu kushika penseli. Akanisimulia, huku akicheka, kwamba mwanawe anamwita bibi yake mama, na yeye anamwita dada, kama watoto wa kwetu. Kisha akasita, akasema ana ombi, kama haitakuwa usumbufu. Shule zikifunguliwa angependa kumpeleka mwenyewe wiki ya kwanza. Ada ilifutwa, lakini sare bado inanunuliwa na fundi hajaimaliza. Angerudi tarehe 19 badala ya 12.

Nikamwambia siku hizo ni zake, zinatoka katika zile 58. Hakuelewa, ikanibidi nimweleze zile 58 ni nini. Kulikuwa na kimya kirefu hata nikadhani mtandao umekatika.

Usiku ule mimi na mke wangu tuliandika mkataba. Ilituchukua hadi saa sita, na hatukukubaliana kila mahali. Mshahara umepanda, si kwa kiasi ninachoona kinastahili, bali kwa kiasi ambacho mishahara miwili ya umma inaweza kubeba bila kuanza kukopa. Gari litauzwa ikibidi, alisema mke wangu, nami bado nalifikiria hilo. Siku zilizobaki zitalipwa kwa mafungu katika miaka miwili. Kesho yake nikamsomea dada kwa simu, kipengele kimoja kimoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baba, hapo kwenye Jumapili. Ni kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, tangu Jumamosi jioni."

"Na mdogo atakaa na nani?"

"Na mimi."

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi akirudi atanionyesha uji wake unavyopikwa, maana mkubwa amemwambia kwenye simu kwamba wangu unanuka moshi.

Hadi tarehe 19 zamu za asubuhi ni zangu, na nimeomba vipindi vyangu vihamishiwe mchana. Makala ya wajibu wa dola sijaikabidhi. Wanafunzi wangu wanaosoma hapa wawe na subira kidogo: vitabu vimebaki 97, na yule ambaye kitabu chake kina madoa ya uji asihofu, alama zake zinasomeka.